Mgongo wa Mpiga Makasia

Duka la dawa lilifurika watu waliotoka kazini. Kijana mrefu, fulana yake ya buluu imeloa jasho, akaagiza vidonge vya maumivu. Muuza dawa, binti wa koti jeupe na hereni ndogo za shanga, akamkazia macho.

"Kaka, hii mara ya tatu wiki hii. Sikuuzii."

"Dada, mimi mpiga makasia. Mgongo unaniuma, bila vidonge simalizi zoezi."

"Basi usimalize. Nenda kwa mtaalamu wa viungo, halafu uje unieleze."

Alienda, akaja kumweleza alivyoagizwa: ainame kwa nyonga asikunje kiuno, apunguze makasia, atembee, nguvu zirudi pole pole. Akazidi kuja hata asipokuwa na cha kununua, mpaka foleni ikaanza kumwita shemeji. Kwenye simu alimwita binti "dawa yangu", naye akaitwa "mgonjwa sugu".

Mashindano yalipokaribia, kijana akahofia kupoteza kiti chake katika mashua ya watu wanane. Akawa ananunua vidonge duka jingine na kuvimeza kabla ya zoezi. Wanangu, maumivu yaliyozibwa mdomo hayajapona. Yanakula ndani kwa ndani kama mchwa.

Kocha akamtoa mashuani. Siku hiyo hiyo kijana akaingia dukani amefura.

"Umekwenda kunisema kwa kocha kuhusu vidonge. Nyie wauza dawa si mnajuana?"

Binti akaweka chini chupa aliyoshika.

"Vidonge gani?"

Kijana akakosa pa kuficha uso, akatoka.

Siku nne binti hakupokea simu yake. Kazini alikosea hesabu ya maboksi, nyumbani mama akamuuliza kama chakula kimemkosea nini. Siku ya tano kijana akaja, shati limepigwa pasi, anatembea kama aliyebeba mayai.

"Aliyemwambia kocha ni mwenzangu anayekaa nyuma yangu mashuani. Kila kasia aliuona mgongo unapinda. Ameniokoa, na mimi nikakutukana wewe."

"Ulinidanganya kwanza."

"Nilikudanganya. Mashindano yatanipita, nimekubali. Wewe usinipite. Nataka nikuoe."

Akaanza kupiga goti, taratibu, meno yameumana. Binti akazunguka kaunta mbio, akamdaka kiwiko.

"Simama hapo hapo. Nimekubali. Ila ikikuuma, niambie mimi kwanza."

"Inauma sasa hivi."

Akamwegemeza begani kwake, foleni ikasubiri.