Yeye Vitani, Mimi Hotelini

Je, mtu ana haki ya kushiba wakati mpenzi wake yuko vitani? Swali hilo lilinitafuna nikiwa Dar es Salaam mwaka tisini na moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuo kikuu, nakagua kahawa huku kwetu Karagwe. Mchumba wangu Deo alikuwa wa Isingiro, huko huko kwetu. Wazazi wake walikimbia Rwanda kabla hajazaliwa. Vita vilipoanza huko, aliniaga akisema anakwenda kupigania nchi ya baba yake.

Nilimbishia! Nchi gani hiyo, nawe umezaliwa hapa, umekulia ndizi za hapa?

Alicheka. "Koku, umesoma mno. Mambo mengine hayaulizwi."

Kanisani aliombewa. Nikalia kuliko wote...

Miezi ikapita, ofisi ikanipeleka Dar kwenye semina. Wasomaji wenzangu, nisiwadanganye... nilifurahia! Maji ya moto bombani, shuka nyeupe, samaki mzima kwenye sahani. Tulifundishwa ubora wa kahawa huku tukinyweshwa ile ya unga wa kopo! Nani aliona aibu? Kila tonge nililomeza nilimwona Deo amelala matopeni na njaa. Nikajichukia. Kisha nikaongeza samaki.

Ofisa mmoja mwenye kitambi alinitania mezani: "Dada wa Karagwe, vita ya majirani isikunyime kuku. Lete huku nikusaidie!" Meza nzima ikaangua kicheko.

Jumamosi mchana wenzangu wa semina walinikokota kwenda kula nyama choma. Bendi ilikuwa inapiga. Na pale, katikati ya wachezaji... Deo! Amenenepa, mashavu yanang'aa, amemshika kiuno mwanamke mwenye mimba kubwa.

"Ee, Koku! Umefika lini?" Kana kwamba tumekutana gulioni Nkwenda!

"Na vita?" nilimuuliza.

"Vita ipo. Mimi ndiye sipo."

Yule mwanamke akataka kujua mimi ni nani. Deo akamjibu kwamba ni dada yake wa nyumbani.

Dada! Nilikwenda nyuma ya ukuta nikatapika kila kitu.

Njia nzima ya kurudi niliwaza jambo moja tu: mama yake aambiwe, aache kufunga na kusali kwa ajili ya mwongo. Lakini nilipofika Isingiro nilikuta matanga! Walisema mpita njia ameleta habari kwamba Deo kauawa. Kwa kuwa mwili haukuwapo, walikata shina la mgomba, wakalivisha sanda, wakalizika kama mtu. Mama yake alikuwa amenyoa nywele, amekaa chini kwenye majani, na mtoto wake mdogo wa kiume akiwa ubavuni.

Nilipiga magoti. "Shikamoo mama. Deo yu hai. Nimemwona kwa macho yangu, anacheza dansi."

Alimvuta yule mtoto karibu naye.

"Marahaba. Mwanangu mimi nimemzika. Huyo wako wa Dar usimtaje tena hapa."

Wanawake wakanizomea. "Kisomo kimemharibu! Hata marehemu anabishana naye!" Nilitolewa matangani kama mchawi... mimi, niliyekuwa nasema kweli!

Niliwachukia wote. Ofisa na kuku wake, Deo na mashavu yake, na waombolezaji wanaokumbatia uongo. Kwa miaka mingi sikuingia tena nyumba yenye msiba.

Dada zangu, mwanamume akikuaga kwa maneno makubwa ya damu na nchi, usimpe machozi yako kabla hujajua alikoshukia. Mimi nilitoa yangu yote, nikabaki mkavu. Nawasihi, msipite nilikopita!

Yule mama alipokwisha kufariki, binti yake, dada wa Deo, ndipo aliponieleza. Mama mwenyewe ndiye aliyemsindikiza Deo alfajiri hadi Nkwenda, akampandisha gari la kwenda mbali na vita. Hapakuwahi kuwa na mpita njia. Alimzika ili asiwepo mwandikishaji wa askari wa kumuulizia tena, wala wa kuja kumtaka yule mdogo badala yake.