Zima Injini

Cheka tu, lakini rafiki yangu Karangwa, fundi magari wa mtaa wa Niboye, hajashika spana tangu mwaka 1992. Kagabo, mteja mwenye matusi, alitaka gari lake la otomatiki lipande vilima kwa nguvu. Karangwa akalifungia konveta kubwa zaidi, lile duara la chuma linalojaa mafuta mbele ya giaboksi. Aliing'oa kwenye gari lililomwangukia fundi mwenzake shimoni akafa.

Gerejini, aliye shimoni chini ya gari akigonga mara mbili, dereva huzima injini.

Kagabo akawasha. Chini kukagongwa mara mbili.

“Nani iko chini?”

“Hakuna mtu, bosi.”

“Mwongo wewe! Mjinga!”

Akazima. Karangwa akamulika shimoni: giza na mafuta tu. Injini kimya, funguo mkononi mwa Kagabo, na ndani ya konveta kukagongwa tena, mara mbili, kwa hasira zaidi.