Wiki Nzima Mlinzi Kimya… Kumbe!

"Litoeni hilo kufuli, na huyu dada atoke nalo! Mashine itatembea leo leo!"

Aliyesema hayo si adui yangu, jamani. Ni Hrishikesh… mchumba wangu! Mwanaume ambaye mama yake alishachagua mpaka rangi ya sari nitakayovaa siku ya harusi.

Na hakuyasemea pembeni. Aliyasema mbele ya bosi wetu, Madam Vaijayanti, na mbele ya daktari mgeni kutoka hospitali, kidole kakielekeza puani kwangu.

Mezani mashine yetu imeganda!

Ngoja niwaweke sawa, maana nawajua, mtaanza kuniuliza huko chini nani ni nani.

Naitwa Ketaki, nipo Pune, India. Kampuni yetu inatengeneza mashine ya kusukuma dawa kwenye mshipa wa mgonjwa, tone kwa tone. Mimi na Hrishi tunaandika kiini, yaani ile programu ya chini kabisa inayoendesha kila kitu. Mimi upande wa pampu. Yeye upande wa kengele, ile inayolia dawa ikikwama.

Ndani ya kiini kazi nyingi zinakwenda kwa pamoja. Mbili zikiandika namba moja kwa wakati mmoja, namba inaharibika. Na namba yenyewe ni kipimo cha dawa! Ndiyo maana tunaweka kufuli. Anayetaka kugusa anafunga, akimaliza anafungua, mwenzake anasubiri zamu.

Sasa, timu yetu ina sheria moja. Kuna kufuli la pampu na kufuli la kengele; ukihitaji yote mawili, unaanza na la pampu, ndipo unashika la kengele. Hugeuzi!

Kwa nini? Kwa sababu mimi nikiwa nimeshika la pampu nasubiri la kengele, na wewe umeshika la kengele unasubiri la pampu, tutasubiriana mpaka kiyama. Hakuna anayeachia. Mashine inaganda, na mgonjwa yuko kwenye sindano.

Hrishi aligeuza. Niliona siku ileile aliyoandika, tukamalizana kwenye chai ya tangawizi.

"Hrishi, hapa umeanza na kengele."

"Ketaki, sheria ni za wanaojifunza. Mimi mambo haya yako hapa." Akajigonga kichwa.

"Yako wapi? Maana naona umegeuza."

"Haya, haya, nitarekebisha. Usinune."

Hakurekebisha! Kile kichwa alichokuwa anakigonga, nadhani kilikuwa kinaitika kwa sababu hamna kitu ndani.

Turudi pale mezani.

"Madam," akasema, "kufuli la Ketaki ndilo linakwamisha. Nimelitoa kwenye mashine yangu ya majaribio, haigandi tena!"

"Inaganda kwa sababu uligeuza makufuli! Ukilitoa langu haitaganda," nikamjibu, "lakini kazi mbili zitaandika kipimo kwa pamoja. Mgonjwa anaweza kupata dawa mara mbili!"

"Umewahi kuona ikitokea?"

"Si lazima nione. Inaweza ikapita mwezi bila…"

"Mmemsikia? Hajaona! Anatutishia majini!"

Daktari akaangalia saa. Madam akaniangalia mimi, na yale macho sikuyapenda.

"Ketaki, Hrishikesh ni mkubwa wako kazini. Kama huna ushahidi, kufuli linatoka leo na mashine inakwenda wodini. Na wewe unatoka kwenye kazi hii."

Moyo ulinipasuka! Si kwa ajili ya kazi tu. Kazi nitatafuta nyingine. Ila mtu amelala kitandani, hana habari, na dawa inamwingia maradufu kwa sababu mchumba wangu hapendi kukosolewa!

Hrishi alikuwa ametanua kifua kama jogoo aliyepanda juu ya banda. Angenyamaza hapo, angeshinda. Lakini mtu wa sifa hajui kunyamaza.

"Tena Madam, kiini kina mlinzi wake! Ule ukaguzi unaotazama mpangilio wa makufuli, mtu akigeuza unapiga kelele. Nimeuwasha wiki nzima. Kimya! Hata chafya sijasikia!"

Hapo nikacheka. Kwa sauti!

Wenzangu wa kiini mnaosoma hapa mmeshaelewa. Yule mlinzi ana tabia moja: anapiga kelele mara moja tu! Akishapiga anajizima, hasemi tena mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Unaweza ukageuza makufuli mbele yake siku nzima, anakutazama tu. Na huyu ndiye mkubwa wangu kazini… hajui!

"Unacheka nini?" Hrishi akafoka.

"Madam, naomba tuizime tuiwashe upya, mlinzi akiwemo. Na Hrishi asiguse kibodi."

"Ya nini? Sinema tu hizi!"

"Hrishikesh, rudi nyuma," Madam akasema.

Tukazima. Tukawasha.

Mistari myeupe ikaanza kupanda kwenye skrini nyeusi. Inapanda… inapanda… mara, huyo! Onyo refu, limejaza skrini nzima! Kuna mahali pampu inatangulia, na kuna mahali kengele inatangulia. Na jina la kazi iliyotanguliza kengele limeandikwa waziwazi. Ya Hrishi!

Mashine haijaganda, haijasukuma hata tone. Mlinzi ameshapiga kelele.

Nikasubiri Hrishi aombe radhi. Thubutu! Yeye akacheka.

"Ah, hiyo? Hiyo si kitu, Madam! Hutoka kila nikiwasha. Mimi huwa naifuta kwanza, ndipo naanza majaribio. Nipate skrini safi."

Nyie… nilitamani sakafu immeze yeye, si mimi!

Madam alivua miwani taratibu.

"Unasemaje? Kila ukiwasha?"

"Ndiyo, ni makelele ya…"

Akaishia hapo. Nadhani ndipo akili yake ilipomfikia, imechoka, imetembea mbali.

Daktari ndiye aliyemjibu. "Kijana, wodini kwangu kengele ikilia tunakimbilia mgonjwa. Hatuizimi tupate usingizi."

Nikakaa kwenye kibodi, nikabadilisha mistari yake ipange pampu kwanza. Tukaiendesha mashine mchana kutwa kwa maji matupu, kufuli langu likiwa mahali pake. Haikuganda. Na mlinzi nilihakikisha yuko macho, hajajizima, kabla sijauamini ukimya wake.

Hrishi alihamishiwa kuandika maelekezo ya mtumiaji. "Bonyeza kitufe cha kijani." Huko hakuna makufuli.

Akanikuta kwenye ngazi tukitoka.

"Ketaki, mke hamwaibishi mume mbele za watu!"

"Mume yupi?"

"Niombe msamaha, nami nitamtuliza Mama."

"Nenda kamtulize tu."

Kumbe mama yake hakutaka kutulizwa. Nafika nyumbani, namkuta mama yangu analia sebuleni. Mama Hrishi kapiga simu, uchumba umevunjwa! Msichana ana mdomo, hafai kuingia kwenye nyumba ya watu wenye heshima. Majirani watasema nini? Mama kwikwi, ukumbi tumeshauzungumzia!

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Baba amestaafu reli, maisha yake yote alikuwa kwenye taa za ishara. Alinisikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza.

"Huyo kijana alikuwa analiona hilo onyo kila akiwasha?"

"Ndiyo, Baba."

"Na anafuta?"

"Anafuta."

Baba akavaa viatu, akatoka bila neno. Nikajua nimemwaibisha. Nikakaa chini pembeni ya Mama, machozi yakanitoka na mimi.

Akarudi amekumbatia maboksi ya pedha! Vile vitamu vya maziwa tunavyogawa mtoto akizaliwa au akifaulu mtihani. Akaanza kugonga milango ya jengo zima, ghorofa kwa ghorofa.

"Hongera, Baba Ketaki!" nikamsikia jirani wa juu. "Tarehe ya harusi imetoka?"

"Harusi imevunjika! Kula, mama, kula! Chukua na cha watoto!"

Haya, ninyi wenye wachumba, na ninyi mnaoandika kiini, funzo lenu ni lilelile. Ukimya unaokuja baada ya onyo si ruhusa ya kuendelea.

Na mtu anayefuta onyo apate skrini safi, usiolewe naye. Leo anafuta la mashine. Kesho mtoto wenu atakuwa na homa, na yeye atakitikisa kipimajoto mpaka kisome vizuri.