Sweta ya Phanice

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: mbwa aliketi mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Momanyi alikuwa akizalisha na kufunza mbwa wa jeshi shambani kwake, karibu na Chepseon. Mbwa wake wakipata harufu waliyotumwa hawabweki. Huketi kimya na kukodoa macho. Msimu huu aliwafunza kwa sweta ya marehemu mkewe, Phanice, akiificha katikati ya michai, kwa kuwa ndiyo nguo pekee ambayo hakuna aliyeigusa tena. Alipoikunja hakuhisi chochote.

Mchana huo sweta ilikuwa imefungiwa stoo. Hata hivyo Rada, mbwa mama, aliingia sebuleni akaketi mbele ya kiti cha Phanice.

"Baba, ameona nini?" binti yake Mongina alinong'ona.

"Amepata harufu."

"Na sweta iko stoo."

Momanyi akatoa mpira mfukoni, akampa Rada. Mbwa akipata lazima atuzwe, la sivyo mafunzo yanaharibika.

Kesho yake mbwa wote sita waliketi hapo. Akawatuza wote. Siku ya tatu kiti kililia kama mtu ameinuka, harufu ya majani ya chai yaliyovunda guniani ikajaa nyumba, na mbwa wakageuza vichwa pamoja, polepole, wakifuata kitu kilichopita meza, kikapita mlango, kikaingia jikoni alikokuwa Mongina akimenya viazi.

"Hiyo si mama," Mongina alisema baadaye, mkono shingoni. "Mama hangenipumulia hivi. Na wewe kila siku unaikaribisha na mpira. Isipotoka, mimi naenda kwa nyanya, huko Nyamira."

Jioni hiyo Momanyi alimwita Pasta Kipkoech, naye akaomba mpaka sauti ikamkauka. Sweta ikachomwa nyuma ya banda.

"Imeenda, mzee," pasta alisema. "Sasa pumzika."

Asubuhi Momanyi alimfungulia Rada. Mongina alisimama mlangoni na kikombe cha chai, karibu atabasamu.

"Tafuta."

Rada alinusa kiti, akakipita. Akanusa jikoni, akarudi. Akamnusa Momanyi viatu, magoti, viganja. Kisha akaketi mbele yake, akamkodolea macho.

Mongina aliweka kikombe chini taratibu, akaingia ndani kuchukua mkoba wake.

Momanyi alitaka kumwita. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoa mpira.