Waya Uliochomolewa

Mnaniganda kama kupe! Haya, nasimulia mara moja tu, na asiniulize mtu maswali.

Ujanani, shoga yangu na mdogo wake walijitolea kwenye meli ya watafiti wa nyangumi. Chombo cha kunasa sauti kilishushwa baharini kwa waya, nao wakasikiliza kwa zamu kwenye chumba kisicho na dirisha, spika masikioni, wakiandika kila mlio. Mdogo mtu alinasa nyangumi kila siku. Shoga yangu aliambulia mapovu.

“Dada, osha masikio!” mdogo akamtania, meza nzima ikacheka.

Wivu ukampanda. Zamu ya mdogo wake ilipofika, akauchomoa waya kisirisiri nyuma ya mashine, ili mwenzake atoke mikono mitupu, aumbuke. Lakini mdogo mtu akaendelea kuandika, anatabasamu.

“Unaandika nini wewe?”

“Kuna mmoja leo yuko karibu sana, dada. Anapumua.”

Shoga yangu akampokonya spika, akazivaa, waya aliouchomoa ungali mkononi mwake. Akasikia pumzi nzito, za polepole, kisha kitu kikagonga mara tatu.

Tangu siku hiyo sikio lake la kulia halisikii mtu. Juzi niliegemeza langu pale, nikidhani ananidanganya. Kile kitu bado kinagonga.