Mwanamke Aliyesimama Mbele ya Mwezi

Jua lilikuwa linazama mke wa fundi miwani alipopanda juu ya paa kuanua nguo, akakumbuka picha za mwezi. Shemeji yake, mwalimu wa sayansi, alikuwa ameziomba akawaonyeshe wanafunzi. Akashuka, akafungua karakana ya marehemu mumewe. Harufu ya gundi ikampokea. Hakulia. Tangu mazishi alikuwa hajalia. Moyo ulimfa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Enzi za uhai wake, fundi alikuwa akipiga picha za mwezi kwa darubini aliyojiundia. Kisha huchukua picha mbili za siku tofauti, mwezi ukiwa umejigeuza kidogo tu, akazipanga ndani ya kisanduku chenye lenzi mbili. Jicho hili picha hii, jicho lile picha ile. Hapo mwezi hauwi sahani tena. Unatuna, mviringo kama chungwa, ukadhani utaushika.

Mkewe akaweka jozi ya kwanza. Mwezi ukatuna.

Na mbele yake... kitu.

Akazitoa picha, akazikagua mojamoja. Doa la kijivu tu, kama alama ya kidole. Akazirudisha. Doa likasimama.

Mwanamke. Amempa mgongo.

Wala hakuwa kule mwezini. Alikuwa huku, karibu, kama mtu aliyesimama juu ya paa lao.

Jozi ya pili, amegeuka ubavu.

Jozi ya tatu, uso.

“Mama,” alimwita mama mkwe wake, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi. “Hebu njoo uangalie.”

Bibi yule akainamia kisanduku. Akajitoa haraka.

“Huyu tulimzika,” alinong'ona.

“Nani?”

“Mkewe wa kwanza. Kwani hakukwambia?”

“Hakuniambia.”

“Alikata roho akiapa hamwachii mtu mume wake. Sisi tukasema ni homa tu...”

Ilibaki jozi ya mwisho, picha za jioni mbili za mwisho kabla fundi hajakutwa amekufa kando ya darubini yake, macho wazi, mwili hauna hata mkwaruzo. Mke akaiweka.

Mwezi mtupu.

“Kaondoka,” mama mkwe akasema harakaharaka. “Kapata alichokifuata. Zichome hizo, mwanangu. Shemeji yako mwambie zimeharibika.”

Mke akazichomea kwenye ndoo. Zilinuka nywele zinazoungua. Mama mkwe akaziba pua, akaenda zake bila kuaga.

Mke alipoingia chumbani kujinyoosha, taa ikamwonyesha kitanda. Shuka alikuwa amelitandika asubuhi, likakaa sawa kabisa. Sasa godoro lilikuwa limebonyea mahali pawili, upande wa mumewe na katikati. Akapapasa.

Pana joto.

Alijua kwamba mtu mwingine angepiga yowe. Akaingoja hofu ije. Haikuja. Alichokihisi ni uchovu tu, na ukingo mwembamba wa godoro aliobakishiwa.

Akazima taa.

“Songeni kidogo,” akasema.

Chaga za kitanda zikalia.

Wakasonga.