Brashi ya Upande wa Pili

Rafiki yangu mmoja, fundi wa boila, hapendi kuisimulia habari hii, na mimi nilimbembeleza sana.

Boila la mafuta la hospitali lilikuwa limezimwa likapoa, naye akajipenyeza ndani ya tanuri kusugua masizi kwa brashi ya waya. Mle ndani kiza totoro. Shemeji yake alibaki mlangoni kumchunga.

Kra, kra, fundi akasugua ukuta wa chuma wa mwisho. Akapumzisha mkono. Kra, kra, ikaendelea nyuma ya ukuta, akadhani shemeji amezungukia mlango wa nyuma wa boila.

"Shemeji, taratibu basi! Unanimwagia masizi machoni!"

Brashi ikanyamaza. Kisha mtu akakohoa, karibu kabisa na uso wake.

"Unasema na nani?" shemeji akauliza, lakini kutoka kule mlangoni, miguuni pa fundi.

Fundi alitoka kinyumenyume, wakazunguka nyuma. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, nati zimeshika kutu. Walizifungua pamoja bila kutazamana. Hapakuwa na mtu. Chuma cha upande ule kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa, na kwenye masizi ya sakafuni palikuwa na alama za magoti, zimeelekea alikokuwa fundi.